Kionyeshi cha Umemetuli na Unyevu wa Hewa

Wakati wa mazoezi ya kufundisha mjini Musoma, mwanachuo mmoja alileta darasani kionyeshi cha umemetuli alichokitengeneza mwenyewe. Jana yake kilifanya kazi vizuri. Asubuhi ile, baada ya mvua ya usiku, hakikutikisika. Wanafunzi walicheka, naye akakificha chini ya meza. Kosa halikuwa la chombo.

Vifaa vyake ni chupa ya jemu yenye mfuniko wa plastiki, waya mnene wa shaba, mshumaa, na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Loweka karatasi hiyo majini, uibandue ibaki alumini peke yake. Toboa mfuniko, pitisha waya, kisha ziba tundu kwa nta ya mshumaa. Ncha ya chini ipinde iwe kulabu, utundike vipande viwili vyembamba vya alumini vikitazamana. Ncha ya juu ikunje iwe kitanzi.

Sugua kitana cha plastiki kwa nywele kavu, ukisogeze karibu na kitanzi bila kukigusa. Vipande vitaachana. Kwa nini? Kitana kimechukua elektroni kutoka kwenye nywele, hivyo kina chaji hasi. Chaji za namna moja husukumana. Kwa hiyo elektroni za waya hukimbilia chini hadi kwenye vipande, navyo husukumana. Ukiondoa kitana, elektroni hurudi na vipande hushuka. Basi mwalimu asiseme kwamba umeme umeruka kutoka kwenye kitana. Elektroni za waya zimejipanga upya tu.

Sasa telezesha kitana juu ya kitanzi kikigusa. Safari hii baadhi ya elektroni huhamia kwenye waya. Ukiondoa kitana, vipande hubaki vimeachana, mradi mfuniko na nta ni vikavu.

Hapo ndipo lilipo jibu la kisa chetu. Kando ya Ziwa Viktoria, na hata Bunda na Butiama wakati wa masika, unyevu wa hewa huacha utando mwembamba wa maji juu ya vifaa, na chaji huvujia humo. Hivyo vianike juani kwanza, nta isiyeyuke, kisha uvijaribu kabla ya kipindi.

Vikiisha kukauka, gusa kitanzi chenye chaji kwa uzi mkavu wa nailoni, kisha kwa uzi wa pamba uliolowa. Wa kwanza hautabadili kitu. Wa pili utavishusha vipande mara moja. Mwanachuo wetu angeliuliza darasa, "Jana na leo zina tofauti gani?", angelipata somo bora kuliko lile aliloliandaa.