Nyakati za Kiingereza: Mtoto wa Gusii hakosei ovyo

UKIPITIA daftari za insha za Kiingereza katika shule za Kisii na Nyamira, hutakosa sentensi kama "The baby has slept", pale ambapo mwandishi alitaka kusema kuwa mtoto yuko usingizini. Mwalimu hupiga mstari mwekundu, akaandika "tense" pambizoni, akageuza ukurasa. Mwanafunzi hubaki palepale. Ameambiwa kwamba amekosea, hajaambiwa kwa nini.

Hoja yangu leo ni kwamba makosa mengi ya aina hii hayatokani na uzembe. Yanatokana na sarufi ambayo mwanafunzi anaijua barabara: ya Kiswahili na ya Ekegusii.

Hebu tuanze na Kiswahili. Kiambishi -me- huonyesha hali timilifu. Lakini kwa vitenzi kama lala, choka, vaa na simama, -me- huonyesha pia matokeo ambayo yangalipo. "Amelala" ni mtu aliye usingizini sasa hivi. "Amevaa koti" ni mtu ambaye koti liko mwilini. Kiingereza hakipiti njia hiyo: husema "He is asleep" na "He is wearing a coat". Basi mtoto wetu ametafsiri -me- kwa uaminifu kabisa, ila uaminifu huo umempoteza.

Ekegusii nacho kinamvuta upande huohuo. Salamu ya asubuhi, "bwakire", ni kitenzi katika umbo timilifu: kumekucha. Ya jioni, "bwairire", yaani giza limeingia, ni vivyo hivyo. Tena Ekegusii hutenganisha, kwa umbo la kitenzi, jambo lililotokea leo na lililotokea jana au zamani. Mwanaisimu W. H. Whiteley alichapisha utafiti mzima kuhusu mfumo wa nyakati wa lugha hii mwaka 1960. Kiingereza hakina mgawanyo huo. "I ate" hutosha kwa uji wa leo asubuhi na kwa karamu ya mwaka jana. Sasa mtoto mwenye mfumo kama huo kichwani, utamwambiaje eti hajui nyakati?

Kosa la pili ni la masimulizi. Kwa Kiswahili tunasema, "Nilienda sokoni, nikanunua ndizi, nikarudi." Kiambishi -li- kikishataja wakati mara moja, -ka- huendeleza hadithi. Mwanafunzi akiandika "I went to the market, buy bananas and come back", anaamini kwamba wakati umeshatajwa. Kiingereza kinadai kila kitenzi kibebe mzigo wake: went, bought, came.

La tatu ni usemi wa taarifa. "Alisema anakuja" ni Kiswahili safi. Lakini katika masimulizi ya Kiingereza, kitenzi cha pili kwa kawaida hurudi nyuma kukifuata cha kwanza: "He said he was coming".

Haya si mambo madogo. Karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE ni ya insha, na mtahiniwa anayeyumbisha nyakati hupoteza alama hata kama kisa chake ni kitamu.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunaitupa dawa iliyo mkononi. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976, sera yetu imependekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa ya mwanzo. Hata hivyo, zipo shule ambazo mtoto huadhibiwa kwa kuongea Ekegusii, ati kitamharibia Kiingereza. Mwalimu anayekifungia Ekegusii nje ya darasa amejinyima kifaa cha kumwonyesha mtoto zinakoachana lugha hizi.

Mwalimu wa Kiingereza ajaribu hivi. Aandike ubaoni sentensi moja kwa lugha zote tatu, kisha awaulize wanafunzi maswali mawili: Kitendo kilitokea lini? Je, matokeo yake yapo hadi sasa? Halafu wao wenyewe waeleze kila lugha inajibu maswali hayo kwa kiambishi gani au kwa neno gani. Dakika kumi zinatosha, na hakuna kitabu cha kununua.