Pedali ya gitaa kwa kompyuta ndogo: kwa nini sauti isichelewe

Msikilizaji, ukipiga simu studioni huwa tunakuomba upunguze sauti ya redio yako. Ukijisikia redioni kwa kuchelewa, ulimi unakwama na maneno yanavutika. Mpiga gitaa naye hupatwa na hali hiyo. Akigusa uzi na sauti ikatoka baadaye, mkono unasita na bendi nzima inapoteza mdundo.

Tabora ni mji wa gitaa. Hapa ndipo zilipotoka Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Vijana wa bendi na kwaya leo wanataka pedali, yaani kifaa cha kukanyaga kwa mguu kinachoongeza mwangwi au mkwaruzo kwenye gitaa. Kompyuta ndogo ya bodi moja kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, inaweza kufanya kazi ya pedali nyingi kwa pamoja.

Je, ucheleweshaji unatoka wapi? Kadi ya sauti huipima sauti ya gitaa mara 48,000 kwa sekunde na kuigeuza kuwa namba. Kompyuta haichukui namba moja moja, bali husubiri fungu lijae, kama basi linavyosubiri abiria stendi. Fungu la namba 1,024 huchukua milisekunde 21 kujaa. Fungu la 128 huchukua chini ya milisekunde 3. Lakini fungu likiwa dogo mno kompyuta inazidiwa, na sauti inaanza kukatika na kupasuka.

Lengo ni kutozidi milisekunde 10 hivi, tangu uzi kuguswa hadi sauti kutoka. Hewani sauti husafiri mita moja kwa milisekunde 3 hivi, kwa hiyo ni kama kusimama mita tatu kutoka kwenye spika. Hakuna anayelalamikia umbali huo.

Ukitaka kujaribu, zingatia haya:

Kwanza, Raspberry Pi haina tundu la kuingizia sauti. Tafuta kadi ya sauti ya USB yenye tundu la gitaa. Tundu la maikrofoni huifanya sauti ya gitaa ififie.

Pili, tumia mfumo wa Linux pamoja na programu za JACK na guitarix. Zote ni za bure. Anza na fungu la 256, kisha shuka taratibu. Sauti ikianza kupasuka, rudi hatua moja.

Tatu, usitumie spika wala vipokea sauti vya Bluetooth. Mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Tumia waya.

Nne, umeme. Kompyuta hii hutumia volti 5. Ukiiunganisha moja kwa moja na betri ya sola ya volti 12, utaiunguza. Weka kipunguza volti. Tena, umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika katikati ya onyesho. Izime kwa utaratibu, na uwe na kadi ya pili yenye nakala.

Kabla hujatoa fedha, jiulize unahitaji nini. Kama ni mwangwi tu, pedali ya kawaida inatosha, na hiyo haihitaji kusubiri kompyuta iwake. Kama unataka sauti nyingi na una subira ya kujifunza, kompyuta ndogo itakufaa.