Je, Wajua? Matokeo ya Shule Hayatangazwi kwa Wastani Peke Yake

Je, wajua ya kwamba nchini Marekani matokeo ya shule ya kati ya serikali, ambayo aghalabu hupokea wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 8, hayatoshi kutangazwa kwa wastani tu? Kwa mujibu wa sheria iliyotiwa sahihi na Rais George W. Bush mwezi wa Januari 2002, na ile iliyoirithi mwaka 2015, wanafunzi wa darasa la 3 hadi la 8 sharti watahiniwe kila mwaka katika kusoma na hisabati, kisha matokeo yabainishwe kwa asili, kwa ufukara wa jamaa zao, kwa ulemavu, na kwa wale ambao wangali wakijifunza Kiingereza, ambao miongoni mwao wamo watoto wa wakimbizi wa Kongo wasemao Kiswahili. Hekima yake ni dhahiri: wastani mzuri waweza kuwasitiri wachache walioachwa nyuma, ilhali haki ya mtoto haitimizwi kwa kufaulu kwa mwenziwe. Ila kundi likiwa dogo mno, hesabu yake haitangazwi, ili mtoto asije akatambulikana na kufedheheka.