Mumiani, Zimwi na Drakula: Tatizo la Kuzitaja kwa Kiswahili Filamu za Kutisha za Uingereza

Filamu za kutisha ambazo kampuni ya Hammer ya Uingereza ilianza kuzitoa kwa rangi mwaka 1957 zilipata maisha ya pili katika televisheni. Idhaa ya BBC2 ilizionyesha usiku wa Jumamosi, na msimu wake wa mwaka 1977, uliopewa jina la Dracula, Frankenstein na marafiki zao, unakumbukwa hata sasa na watazamaji wa kwao. Tangu wakati huo zimesafiri kwa mikanda, kwa diski, kwa setilaiti na hatimaye kwa simu. Sura za Christopher Lee na Peter Cushing zaweza sasa kumfikia mtu popote, hata Soy, kando ya barabara iendayo Kitale kutoka Eldoret. Makala haya hayakusudii kuzihakiki filamu zenyewe. Yanakusudia kuchunguza jambo dogo linaloonekana jepesi: mtazamaji wa Soy akitaka kumsimulia jirani yake kwa Kiswahili aliyoyaona, atamwita nani yule bwana mwenye joho jeusi?

Soy ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili, kwa kuwa Kiswahili hapo ni lugha ya kukutania. Mnandi, Mluhya na Mgikuyu kila mmoja huja na kitisho chake kutoka nyumbani. Mnandi anaye chemosit, ambaye A. C. Hollis alimweleza katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuwa ni nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na matako tisa, na kinywa chekundu king'aacho usiku mfano wa taa. Walowezi wa Uasin Gishu walipozisikia habari zake mwanzoni mwa karne ya 20 walimgeuza mnyama wa kuwindwa, wakamwita dubu wa Nandi. Nao wengine wakadai kumwona. Mluhya anaye linani. Mgikuyu anaye irimu, na hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo, maana irimu na zimwi la Kiswahili ni neno moja kwa asili, nalo ni ndugu wa mzimu, kuzimu na hata wazimu.

Kwa hiyo zimwi ndilo jibu la kwanza linalomjia msimulizi. Lakini halitoshi. Zimwi la ngano humeza watu wazima-wazima, nao mara nyingi hutoka salama lipasuliwapo. Tena ni jinga: sungura hulidanganya, watoto hulikimbia. Drakula wa filamu ya mwaka 1958 hamezi mtu. Ni mwungwana, mwenye ngome, anayempokea mgeni kwa adabu na kumchukulia mizigo. Alikuwa mtu, akafa, na bado anatembea. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu huanza kwa wageni wake, kisha huwageuza kuwa kama yeye.

Jibu la pili ni mumiani, na hapa ndipo penye uzito. Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson inalieleza neno hili kuwa ni kitu cheusi mfano wa utomvu, kiletwacho kutoka Uajemi, kitumikacho kuwa dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kamusi hiyo inaongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu iliyoganda, na kwamba uvumi wa kutafutwa mumiani ulipozuka, watu hawakutoka nje baada ya jua kuchwa. Baadaye jina la dawa likawa jina la mtu anayeitafuta damu hiyo.

Asili ya neno inastaajabisha. Latokana na Kiajemi na Kiarabu, na kutoka shina hilohilo Waingereza walipata jina lao la maiti ya Misri iliyokaushwa, ile ambayo Hammer iliitolea filamu mwaka 1959. Isitoshe, Wazungu wenyewe kwa karne nyingi, hadi karne ya 18, waliuziana unga wa maiti hizo katika maduka ya dawa na kuula. Basi waliodhani kwamba Mzungu ana haja na miili ya watu ili atengeneze dawa hawakuwa mbali na historia kama ilivyodhaniwa na maofisa waliowacheka.

Hata hivyo, kumtafsiri Drakula kwa mumiani ni kosa, na tena ni kosa la hatari. Mumiani si mfu. Ni mtu hai, mwenye mwajiri, mwenye gari na mshahara. Katika Kenya ya ukoloni aliitwa pia mzimamoto, kwa sababu watu waliwashuku askari wa zimamoto kuwa ndio wanaokamata watu usiku. Mwanahistoria Luise White amezichambua habari hizi kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2000. Mwaka 1947 umati ulikishambulia kituo cha zimamoto cha Mombasa kwa sababu ya uvumi huo. Wala si mambo ya kale tu: mwaka 2017 huko Malawi watu waliuawa na makundi kwa kushukiwa kuwa wanyonya damu. Neno ambalo laweza kumfanya mtu apigwe mawe halifai kuwekwa ovyo chini ya picha kwenye kioo.

Mnyonya damu nalo lina mzigo wake. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji ni yule aishiye kwa jasho la mwenziwe. Bwana wa ngome anayewanyonya wanakijiji anaeleweka mara moja, pengine kupita alivyokusudia mtengenezaji, hasa katika nchi ambayo ardhi yake iligawiwa walowezi. Lakini istihari ikishaingia, kitisho hutoka. Mtazamaji huanza kusikiliza hotuba.

Zombi ni mfano wa namna nyingine. Neno hili lilitoka Afrika ya kati na magharibi, ambako wataalamu hulihusisha na nzambi la Kikongo au nzumbi la Kimbundu, likavuka bahari na watumwa hadi Haiti, na likarudi kwa njia ya sinema. Katika filamu ya Hammer ya mwaka 1966 kabaila mmoja wa Cornwall, aliyejifunza uganga huko Haiti, anawafufua wafu ili wamchimbie madini ya bati. Msikilizaji wa Tanzania atasema papo hapo: misukule! Naye atakuwa amepatia kuliko kamusi, maana msukule pia ni mfu wa uongo atumikishwaye shambani usiku bila ujira.

Kuhusu Frankenstein, sarufi ya Kiswahili inaokoa. Kwa Kiingereza wengi hulichanganya jina la daktari na la kiumbe chake. Kwa Kiswahili "zimwi la Frankenstein" huondoa shaka. Sarufi inatoa pia faida nyingine ambayo Kiingereza hakina. Msimulizi aweza kusema "bwana ameingia" wakati Drakula anapokuwa mwenyeji mpole, na mara macho yanapokuwa mekundu akabadili: "limekuja!" Kiambishi kimoja kinamtoa katika ubinadamu. Jambo hili lina manufaa makubwa, kwa sababu Drakula wa Lee husema maneno machache sana katika filamu ya kwanza, na katika ile ya mwaka 1966 hasemi hata moja. Nafasi yote iko kwa msimulizi.

Na wasimulizi wapo. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wameonyesha kwamba filamu ya kigeni husimuliwa upya, haitafsiriwi neno kwa neno. Watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam nao hawakungoja kamati ya istilahi: Mussa Banzi alipotaka jina la kitisho chake alichukua Nsyuka, neno lenye mizizi katika Kinyakyusa, ambako abasyuka ni wafu wa ukoo. Vijana husema vampaya, na neno hilo huenda likadumu. Lakini mahali penye wasikilizaji wa namna ya Soy, lililo bora ni kuliacha jina Drakula kama lilivyo, kwa wingi Madrakula, na kumwachia msimulizi uhuru wa kuchagua kati ya a- na li-.