Kijana Wako Akiacha Kwaya: Tujifunze kwa Vijana wa Sauti Sol

Akina mama wenzetu, wengi wetu hapa Kasulu na Kibondo tunao watoto wanaoimba. Jioni za mazoezi tunaharakisha kazi za shamba na jiko ili wasichelewe, tunawafulia sare za kwaya, na Jumapili wakisimama mbele mioyo yetu hufurahi. Kisha siku moja kijana wa miaka 17 au 18 anakuja na neno jipya: yeye na wenzake watatu wameunda kundi lao, na wamealikwa kuimba kwenye sherehe mjini. Nyimbo si za kanisani tena.

Hapo nyumba hugawanyika. Baba hunyamaza au hufoka, bibi hulia, na mama hubaki katikati akiomba. Wazazi wa namna hii tunakutana nao mara nyingi katika huduma ya kanisa. Kwa ajili yao tumeona vema kueleza habari za kundi moja la Afrika Mashariki lililopita njia hiyo hiyo, ili tuone lipi la kuiga na lipi la kujihadhari nalo.

WALIANZA NA NYIMBO ZA INJILI

Sauti Sol ni kundi la Nairobi, Kenya. Watatu kati ya wanne, yaani Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi, walisoma katika shule ya sekondari ya Upper Hill. Huko waliimba katika kundi la injili la wanafunzi lililoitwa Voices in the Light, ambalo liliimba bila vyombo vya muziki.

Wanakwaya mnafahamu kazi ya kuimba bila vyombo. Hakuna kinanda cha kukufichia kosa. Mmoja akishuka sauti, wote wanaanguka. Inambidi kila mwimbaji amsikilize mwenzake kuliko anavyojisikiliza mwenyewe. Hiyo ndiyo shule waliyopitia vijana hawa kabla jina lao halijajulikana popote.

Mwaka 2005, baada ya sekondari, walikutana na mpiga gitaa Polycarp Otieno katika kituo cha Alliance Française jijini Nairobi. Wakawa wanne. Jina walilojipa linaunganisha neno letu "sauti" na neno la Kihispania "sol", maana yake jua. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ilitoka mwaka 2008. Ya pili, Sol Filosofia, ikafuata mwaka 2011.

Tuhesabu pamoja. Tangu kuungana hadi albamu ya kwanza ni miaka mitatu. Tangu kuungana hadi sifa za nje ya Afrika ni miaka tisa, kwa maana mwaka 2014 ndipo walipopata tuzo ya MTV ya Ulaya kama wasanii bora wa Afrika. Kijana anayedhani kwamba ataacha shule leo na kuwa tajiri kesho, mama amwonyeshe hesabu hii. Mti wa mwembe nao hauzai mwaka ule ule uliopandwa.

SIFA ZILIPOKUJA

Mwaka 2014 walitoa wimbo wa Sura Yako, unaomsifu mpenzi kwa uzuri wake, pamoja na mchezo wake uitwao Lipala. Wimbo huo ukapigwa kwenye harusi nyingi katika nchi zetu. Mwezi Julai 2015, Rais Barack Obama wa Marekani alipoitembelea Kenya, Sauti Sol waliimba katika dhifa ya Ikulu ya Nairobi, na mgeni huyo akainuka kucheza nao.

Mwaka 2016 waliimba na Mtanzania mwenzetu Alikiba wimbo wa Unconditionally Bae. Alikiba ana asili ya Kigoma, na mwaka 2012 alikuwa miongoni mwa wasanii wenye asili ya mkoa wetu walioimba pamoja Leka Dutigite, jina la Kiha ambalo maana yake ni acha tujidai. Kwa hiyo tusidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Mtoto wa Makere au Heru Juu anayasikia kwenye simu ya rafiki yake, na anajiuliza, kwa nini isiwe mimi?

Albamu ya Midnight Train ilitoka mwaka 2020. Ndani yake wamo na waimbaji wa Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, katika wimbo wa Brighter Days. Mwaka huo huo sauti zao ziliingia katika albamu ya Mnigeria Burna Boy, Twice as Tall, ambayo mwaka 2021 ilishinda tuzo ya Grammy.

WIMBO ULIOLETA MANENO NA WIMBO ULIOINGIA KANISANI

Hatutaki kumficha msomaji upande wa pili. Mwaka ule ule wa 2014, vijana hawa walitoa video ya wimbo wa Nishike. Picha zake zilikuwa za faragha mno hata vituo vya televisheni nchini Kenya vikakataa kuionyesha. Wazazi wengi walisikitika, na sisi hatuwezi kuisifu. Mwili wa binadamu una heshima yake, na mambo ya chumbani si ya kuwekwa sebuleni mbele ya watoto.

Lakini mwaka uliofuata, katika albamu ya Live and Die in Afrika, watu wale wale waliweka wimbo wa Kuliko Jana, walioimba na kwaya ya RedFourth Chorus pamoja na mpiga kinanda Aaron Rimbui. Ni wimbo wa sala, unaomtukuza Mungu kwa upendo wake usiopungua. Umeimbwa na kwaya nyingi tangu hapo, na wako waimbaji wasiojua kwamba umetoka kwa kundi lile lililokataliwa na televisheni.

Je, tuseme nini? Wako watakaosema kwamba chemchemi moja haitoi maji matamu na machungu. Wako watakaosema kwamba mbegu iliyopandwa shuleni haikufa, ilikuwa chini ya udongo ikingoja. Sisi tunaona kwamba kila upande una neno lake la kweli. Wimbo mbaya uitwe mbaya, hata kama umeimbwa vizuri. Lakini mwimbaji asifungiwe mlango kwa sababu ya wimbo mmoja. Yule baba wa Injili aliyekuwa na wana wawili hakusifu maisha ya mwanawe huko ugenini. Hata hivyo, mtoto aliporudi, alimwona angali mbali. Hangemwona kama asingekuwa akitazama njia.

Mama, utazame njia. Keti na kijana wako, mwambie akuimbie nyimbo zake zote, hata zile anazoona aibu kukuimbia. Kisha mwulize swali moja: ungeweza kuuimba huu mbele ya dada yako mdogo? Swali hilo hufanya kazi kuliko fimbo.

SAUTI INAPOVUNJIKA

Kwa kuwa tumo katika kazi ya uuguzi, tuseme na neno juu ya afya. Mvulana wa miaka kati ya 12 na 15 hivi, sauti yake huvunjika. Zoloto hukua kwa haraka, nyuzi za sauti hurefuka na kuwa nene, na sauti hushuka. Leo anaimba kama malaika, kesho analia kama jogoo mchanga. Huo si ugonjwa wala si laana. Hali hiyo hutulia yenyewe, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa, ingawa kwa wengine huchukua muda zaidi.

Tatizo ni sisi tunaocheka. Wavulana wengi huacha kwaya katika umri huu, si kwa kukosa imani bali kwa aibu. Mwalimu wa kwaya amwimbishe kwa upole, asimlazimishe sauti za juu, wala asimfukuze. Kijana anayebaki na kundi la kanisa katika miezi hiyo huwa na marafiki wema wa kumshika mkono baadaye.

Kwa mwimbaji wa umri wowote, haya yafuatwe:

Anywe maji ya kutosha mchana kutwa, yaliyochemshwa. Pombe hukausha koo, nayo isiitwe dawa ya sauti.

Asivute sigara wala bangi, na ajiepushe na moshi wa jikoni kabla ya kuimba.

Akikaukiwa sauti, apumzike. Asinong'one kwa nguvu, maana hilo nalo huzichosha nyuzi za sauti.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, aende akaonwe na daktari. Akitema damu au akipumua kwa shida, asingoje hata siku moja.

MASWALI MANNE YA MAMA

Kijana akikuambia kwamba kundi lake limealikwa mahali, usianze na hapana. Anza na maswali. Kwanza, atalala wapi, na nani mtu mzima anayemfahamu huko? Pili, nani anashika fedha, na mgawo umeandikwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi na wote? Makundi mengi huvunjika kwa shilingi elfu kumi isiyo na maelezo. Tatu, masomo au kazi ya mikono inaendeleaje? Nne, akipewa kinywaji au akiombwa jambo lisilofaa, ataondokaje hapo usiku? Mpe namba ya simu ya mtu atakayemfuata bila kumwuliza maswali hadi asubuhi. Kama una binti katika kundi, swali hili la nne liulize mara mbili.

Kijana anayejua kujibu maswali haya amekwisha kukomaa kiasi. Asiyejua, umemsaidia kufikiri. Na kwa vyovyote vile atajua kwamba mama yake anataka kujua habari zake, wala hataki kumzuia tu.

WALIVYOAGANA

Jambo la mwisho ndilo lililotugusa zaidi. Mwaka 2019, Sauti Sol walianzisha kampuni ya Sol Generation, wakawainua waimbaji wachanga kama Bensoul na Nviiri. Kisha mwezi Mei 2023 wakatangaza kwamba watapumzika kama kundi, bila kutaja siku ya kurudi, ili kila mmoja afuate kazi yake. Walizunguka nchi za nje kuwaaga wasikilizaji wao, na Novemba 2023 wakafanya onyesho la kuaga nyumbani Nairobi. Ilikuwa miaka 18 tangu wanne hao walipokutana.

Miaka 18 ni umri wa mtoto kuzaliwa hadi kuwa mtu mzima. Tunajua ndoa zisizofika hapo. Tunajua na kwaya za parokia zilizogawanyika kwa ugomvi wa kipaza sauti, watu wakaacha hata kusalimiana. Watu hawa walikuwa wanne, wenye fedha na sifa za kuwagombanisha, nao wakamaliza kwa kusimama jukwaa moja na kuimba pamoja.

Kuagana vizuri hufundishwa nyumbani. Mtoto huona jinsi mama anavyomsindikiza mgeni hadi njiani, jinsi wazazi wanavyotengana na jirani aliyehama, jinsi mwanakwaya aliyeolewa kijiji kingine anavyoombewa badala ya kusengenywa. Hana alimpeleka Samweli hekaluni angali mdogo, na kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Alimwachilia, lakini hakuacha kujua kimo chake.

Basi, mama, kijana wako akitoka kwaya na gitaa begani, mwombee, mwulize maswali yako manne, na umfungie chakula cha njiani. Na nafasi yake katika safu ya sauti ya tatu, mwambieni mwalimu wa kwaya asiitangaze kuwa imefutwa.