Kwa Nini Sufuria ya Shaba Hutiwa Bati?

Sufuria ya shaba iliyotengenezwa vizuri kwa ajili ya kupikia ina rangi mbili: nje ni nyekundu, ndani ni nyeupe. Weupe huo ni utando mwembamba wa bati. Wanafunzi wengi hudhani kwamba bati hutiwa ili chombo kipendeze. Sivyo. Kazi yake ni kuizuia shaba isiingie katika chakula.

Hapo huzuka swali. Vitabu vya kemia hutufundisha kwamba shaba, kwa kuwa iko chini ya haidrojeni katika mfululizo wa metali, haiwezi kuiondoa haidrojeni katika asidi hafifu. Ikiwa ni hivyo, siki na ndimu zitaidhuru vipi? Jibu ni kwamba jikoni asidi haiko peke yake. Ipo pia hewa. Oksijeni huchukua elektroni za shaba, na asidi ikaiyeyusha shaba hiyo iliyooksidishwa:

2Cu + O₂ + 4CH₃COOH → 2Cu(CH₃COO)₂ + 2H₂O

Chumvi inayopatikana ni asetati ya shaba, yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani. Asugue nyaya mbili za shaba kwa msasa. Wa kwanza autumbukize nusu katika siki ndani ya glasi iliyo wazi. Wa pili auzamishe wote katika siki iliyochemshwa ikapoa, ndani ya chupa iliyojazwa hadi juu na kuzibwa. Baada ya siku chache, siki ya glasi itaanza kugeuka rangi, lakini ile ya chupa itabadilika kidogo mno. Siki hizo zisionjwe kamwe.

Hata hivyo, tusiihesabu shaba kuwa sumu tu. Mwaka 1928, E. B. Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza majaribio yao juu ya panya waliopungukiwa damu kwa kulishwa maziwa matupu. Chuma safi peke yake hakikuwaponya. Walipona walipoongezewa shaba kidogo. Leo twajua kwamba shaba imo katika vimeng'enya kadhaa, kikiwamo kile kinachoziwezesha seli kutumia oksijeni. Mwili wa mtu mzima una takriban miligramu 100 za shaba, na mahitaji yake kwa siku ni kama miligramu moja. Ziada huondolewa na ini kwa njia ya nyongo.

Hatari huanza pale ini linaposhindwa kuitimiza kazi hiyo. Mtoto mchanga huzaliwa na akiba kubwa ya shaba katika ini lake, nao uwezo wake wa kuondoa ziada bado ni mdogo. Nchini India, ugonjwa wa kusinyaa kwa ini uliwaua watoto wengi wadogo kwa miaka mingi, na maini yao yalikutwa na shaba nyingi kupita kiasi. Mwaka 1983, M. S. Tanner na wenzake walionyesha kwamba watoto wengi waliougua walikuwa wameanzishiwa mapema maziwa ya wanyama yaliyochemshwa au kuhifadhiwa katika vyombo vya shaba nyekundu au shaba nyeupe. Maziwa si makali kama siki, lakini protini yake huikamata shaba na kuichukua hadi tumboni. Kadiri vyombo hivyo vilivyoachwa, ndivyo ugonjwa ulivyopungua hata ukawa nadra. Wataalamu wengine huamini kwamba urithi nao ulichangia.

Tukumbuke pia kwamba shaba nyeupe ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Weupe wake si bati, wala haumkingi mtumiaji.

Bati nalo huchakaa kwa kusuguliwa na kwa moto. Kwa hiyo, mwenye chombo cha shaba akitazame ndani mara kwa mara. Akiona wekundu umeanza kutokeza, asipikie humo vitu vichachu, wala asichemshie humo maziwa ya mtoto, hadi fundi atakapokitia bati upya. Mafundi wa kale hawakuwa na mlinganyo tulioandika hapo juu, lakini kazi ya mikono yao ililingana nao.