Bato ya baridi: yaya aliponiomba nifanye hesabu

Yaya wangu anaishi Harstad, mji mdogo wa kaskazini mwa Norwei. Amekaa kule miaka kumi na miwili, anafanya kazi katika nyumba ya wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Kila konji aliyochukua ilikuwa ya harusi au ya matanga. Mwezi wa pili alinitumia picha kwenye WhatsApp: meli nyeupe yenye taa, milima ya theluji nyuma yake, na juu mbinguni ule mwangaza wa kijani ambao watu wa Bulaya wanaulipia pesa nyingi. Chini ya picha kulikuwa na bei ya siku kumi na mbili kwa watu wawili. Kisha sauti yake:

«Weye njo umesoma. Fanya hesabu, uniambie kama inafaa.»

Mimi niko Trondheim, namaliza master. Nikacheka. Nikamjibu: «Yaya, utalipa franga zote zile ju ya kuona teluji? Teluji iko hapo ku mulango yako.»

Yeye hakucheka. «Mi naonaka tu ule mulango na kazi.»

Hapo nikanyamaza, nikafungua kompyuta. Bei ile ingelipa minerval ya mwaka mzima ya mdogo wetu aliye Lubumbashi, ilipe na chumba chake, na bado ibaki. Minerval yenyewe ilikuwa haijatumwa. Kwa hiyo swali halikuwa la utalii tu. Naandika hapa namna tulivyoliamua, kwa sababu wengi wetu tuliotoka tunafika siku moja mbele ya swali kama hilo, na pia kwa sababu matangazo ya safari hizi yanaficha jambo moja ambalo ni faida yako ukilijua.

Kwanza ilinibidi nielewe ile meli ni kitu gani. Matangazo yanaiita safari ya kitalii. Asili yake ni posta. Mwisho wa karne ya 19 pwani ya kaskazini mwa Norwei ilikuwa na samaki wengi na watu wachache, barabara hakuna, na wakati wa baridi barua ya kutoka Trondheim hadi Hammerfest ingeweza kukaa miezi njiani. Serikali ilitafuta kampuni ya kusafiri mwaka mzima, usiku na mchana. Kampuni kubwa zilikataa: ramani za bahari zilikuwa haba, minara ya taa michache, na giza la baridi refu. Aliyekubali ni nahodha mmoja wa Stokmarknes, Richard With. Yeye na rubani wake walikuwa wameandika kwa miaka mwelekeo, mwendo na dakika za kila kipande cha njia, ili waweze kupita gizani kwa dira na saa. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1893 meli yake, Vesterålen, ilitoka Trondheim kwenda Hammerfest. Mimi niliyeteseka na TFC, nikisoma habari ya daftari lile naona kabisa utafiti wa shambani.

Leo njia inatoka Bergen hadi Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, yenye bandari 34. Tangu 2021 kampuni mbili zinaigawana, Hurtigruten na Havila, kwa meli 11 zote pamoja, na serikali inazilipa ili kila siku meli moja ielekee kaskazini, iwe joto, iwe baridi. Kwenda na kurudi ndizo zile siku kumi na mbili. Katikati inashusha mizigo na magari, inapakia mtu anayeenda hospitali, bandari ya pili anashuka. Kuna bandari inasimama robo saa tu, saa tisa ya usiku.

Mtu wa Kivu haelewi hilo kwa shida. Ni kama bato ya Bukavu–Goma inayopita Idjwi: mmoja anasafiri na unga wake, mwingine anaenda kufunga ndoa. Ndilo jambo ambalo matangazo hayasemi kwa sauti: meli hii ni basi ya majini. Na basi haikulazimishi kununua mstari mzima. Unaweza kulipa kipande, bandari hadi bandari, na kwa kipande kifupi huhitaji chumba cha kulala. Kuanzia hapo swali la yaya likageuka. «Safari inafaa?» ni swali pana mno. Nikaanza kuuliza: ni masaa gani ya safari yanafaa, na kwa nani?

Hapo nikafungua ratiba, na kitu cha kwanza nilichotafuta ni mwanga. Wengi wanasahau. Tromsø, kwa mfano, kuanzia mwisho wa mwezi wa 11 hadi katikati ya mwezi wa kwanza jua halitoki kabisa; mchana ni masaa machache ya rangi ya bluu, basi. Mwanzo wa mwezi wa tatu mambo yamebadilika: kaskazini kule unapata karibu masaa kumi ya jua na theluji bado imejaa milimani. Lakini hata hapo meli inaenda usiku pia. Inayopanda kaskazini inafika visiwa vya Lofoten jioni, saa moja na kuendelea. Yaani mtu analipa kwa ajili ya milima ya Lofoten, halafu anaipita gizani akiwa mezani. Inayoshuka kusini inatoka Harstad asubuhi, inapita visiwa vya Vesterålen mchana, inaingia mlango wa bahari wa Raftsundet jioni, inafika Svolvær mwanzo wa usiku. Masaa kumi hivi, karibu yote ya mwanga. Na Harstad ni kwa yaya! Kitu alichokuwa anatafuta katika siku kumi na mbili kilikuwa kinapita kila asubuhi karibu na nyumba yake.

Mwangaza wa kijani sikuuweka katika hesabu. Unatokea pale chembe zinazotoka kwenye jua zinapogonga hewa ya juu sana, na kuuona unahitaji giza na mbingu isiyo na mawingu. Pwani ile ina mawingu mengi wakati wa baridi. Hurtigruten wenyewe wanatoa ahadi kwamba ukifanya mzunguko mzima wa msimu wa baridi na mwangaza usitokee, watakupa safari nyingine. Ni ahadi nzuri, lakini mimi nimeisoma hivi: wenye meli wanajua mbingu si yao.

Baridi ilimtisha yaya kidogo, mimi zaidi. Kumbe pwani si mahali pa baridi kali zaidi. Mkondo wa maji ya joto unaotoka Atlantiki unafanya bandari zile zisigande. Mwezi wa tatu nyuzi zinacheza karibu na sifuri, au chini yake kidogo, wakati bara ndani zinaweza kushuka hadi ishirini chini ya sifuri. Adui ni upepo. Kwenye sifuri, upepo wa mita kumi kwa sekunde unafanya ngozi isikie kama saba chini ya sifuri, na juu ya sitaha upepo huo ni jambo la kawaida. Kwa hiyo koti zito peke yake halitoshi. La nje lizuie upepo, la ndani liwe la sufu, na jinzi uiache nyumbani. Ukikosa nguo hizo utakaa ndani nyuma ya kioo, na kioo unacho hata kwenye basi.

Kisha bahari. Hapa niseme ukweli. Mwezi wa 10 mwaka 2024 nilikuwa tayari Trondheim. Niliangalia kwenye simu, kama ninyi, video ya ile boti iliyotoka Minova ikipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiangalia kutoka ufukweni. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo watu walijaa majini. Mimi njia ile niliipita mara nyingi nikiwa mwanafunzi, bila jile, nimekaa juu ya magunia, nikicheka. Tangu video ile sijapanda kitu chochote kinachoelea. Yaya alijua. Ndiyo maana alisema «weye fanya hesabu», hakusema «twende».

Nilisoma basi kama mtu anayejitafutia sababu ya kukataa. Na nilipata moja: tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 2019, meli kubwa ya kitalii, Viking Sky, yenye watu 1373, ilizimikiwa injini katikati ya dhoruba kwenye Hustadvika, kusini-magharibi mwa Trondheim. Mafuta ya kulainisha injini yalikuwa chini mno. Mawimbi yalipoiyumbisha, injini zikajizima. Helikopta zilinyanyua watu 479, mmoja mmoja, na kesho yake meli ikafika bandarini. Hakuna aliyekufa. Niliisoma mara tatu. Nchi tajiri nayo ina bahari mbaya, na kosa la kijinga la mafuta linaweza kutokea kwao pia. Kinachotofautiana ni kilichoandaliwa kabla ya kosa: hesabu ya watu waliomo inajulikana, kila mtu ana jile, helikopta iko na inatoka.

Faida nyingine ya kusoma: Hustadvika ni moja ya sehemu za wazi katika njia hii. Nyingine zinazojulikana kwa mawimbi ni Stad, huko kusini, na Vestfjorden, kati ya Bodø na Lofoten. Sehemu nyingine nyingi zimekingwa na visiwa, maji yake yanatulia karibu kama ya ziwa siku njema. Harstad hadi Svolvær iko ndani ya kinga hiyo kwa sehemu kubwa. Mwenye kichefuchefu akae katikati ya meli, sitaha ya chini, na dawa ainywe kabla ya kuondoka. Akingoja tumbo lianze, amechelewa.

Basi nikamjibu yaya: siku kumi na mbili, hapana. Haziko mbaya, lakini zaidi ya nusu utazilipia giza, usingizi na meza ya chakula, na bandari nyingine zinafanana na Harstad yako. Kwa mzee aliyestaafu, ambaye anataka kukaa dirishani bila kubeba sanduku kutoka hoteli hadi hoteli, zinaweza kufaa sana. Kwa mtu mwenye konji ya siku nne na mdogo wake Lubumbashi, twende siku moja. Minerval itoke kwanza.

Ikatoka siku ya tano. Siku ya nane tulikuwa bandarini.

Walipiga kadi yangu kwenye mashine nikiingia, jina langu likatokea. Jambo dogo, mikono ikaacha kutetemeka kidogo. Yaya alikuwa amebeba chapati na termosi ya chai ya tangawizi, kwa sababu chakula cha melini kina bei yake, na hakuna aliyetufukuza. Kwenye Risøyhamn meli ilipunguza mwendo, ikapita katika mfereji uliochimbwa chini ya bahari na kufunguliwa 1922 ili meli hizi zipite; maji pande zote mbili ni mafupi hadi unaona rangi yake ikibadilika. Stokmarknes tuliona meli ya mwaka 1956, Finnmarken, imewekwa nchi kavu ndani ya nyumba ya kioo kama makumbusho. Yaya akasema kwetu ingekuwa imekatwa vyuma zamani.

Raftsundet tuliingia jua likishuka. Milima inakaribia pande zote, theluji ikawa ya rangi ya papai. Nilikaa nje dakika ishirini, nikaingia, nikatoka tena. Trollfjord, ule mlango mwembamba wa kando wenye mdomo wa mita kama mia moja, meli haingii wakati wa baridi kwa hatari ya mawe na theluji kuporomoka. Kama ndio unaoutaka, nenda wakati wa joto. Tulipoukosa hakuna aliyelia.

Mwangaza wa kijani haukutokea. Mawingu.

Tulipata kingine. Kesho yake Svolvær tulikuta samaki wametundikwa nje juu ya miti, maelfu, wanakauka kwa upepo. Ni aina ya chewa wanaotoka bahari ya Barents kila baridi kuja kutaga mayai Lofoten. Yaya alisimama, akavuta hewa puani. «Makayabu!» Si yenyewe kabisa, makayabu inatiwa chumvi na hawa hawatiwi, lakini harufu ni ndugu, na Norwei ni kati ya nchi zinazotuma samaki wa chumvi hadi Kongo. Alipiga video, akaituma kwa mama na kwa mdogo Lubumbashi, akisema kwa sauti kubwa katikati ya watalii: «Muone kwenye inatokaka!» Halafu tukachukua basi ya kurudi Harstad, maana zamu yake ya usiku ilikuwa inaanza kesho.

Sasa ananiuliza juu ya Kirkenes. Nimemwambia anitumie kwanza ratiba, tuangalie masaa ya jua.